Mtaa ni Mkubwa wa Ushago

Kila Desemba mitaa ya Eastlands hupungua watu. Mabasi hujaa, nauli hupanda, na milango ya Maringo, Jericho na Umoja hutiwa kufuli huku wenyewe wakielekea Nyeri, Murang'a, Siaya au Kakamega. Safari hiyo imezoeleka hata lugha imeikubali: mtu "anakaa" Nairobi, lakini "kwao" ni ushago. Nyuma ya maneno hayo mna imani kwamba kijiji ndicho cha kale, kilichoachwa na mababu, na mtaa ni kambi ya juzi iliyopigwa kwa ajili ya mshahara. Kwa vijiji vya wakulima vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, imani hiyo haina mguu wa kusimamia. Ukizipanga tarehe utaona kwamba mtaa ndio mkubwa na kijiji ndicho kitinda mimba, na kwamba wote wawili walizaliwa na serikali ileile ya kikoloni, kwa hofu ileile.

Tuanze na udongo, kwa kuwa ndio ulioamua mengi. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika, na safu ya Nyandarua nayo ni kazi ya lava. Miamba hiyo, ilivyolika kwa mvua na jua kwa karne zisizohesabika, imetoa udongo mwekundu wa kina kirefu, unaopitisha maji na kupokea karibu kila mbegu. Mito inayoteremka kutoka huko imeichonga nchi kuwa migongo mirefu na myembamba, kila mmoja ukitengwa na mwenzake kwa bonde. Wakikuyu walikaa kulingana na migongo hiyo. Mbari, yaani ukoo, ilimiliki kipande cha mgongo, na kila boma likasimama peke yake katikati ya mashamba yake, jirani akiwa mtu wa kuitwa kwa sauti kutoka ng'ambo ya bonde. Neno itura lilikuwepo, lakini lilitaja maboma yaliyotawanyika ya eneo moja. Nyumba mia mbili zilizobanana kwa mistari, zikiwa na njia moja ya kuingia na kutoka, hazikuwa mtindo wa nchi hiyo, wala mkulima mwenye akili zake asingeuchagua: nani atembee saa nzima kwenda kupalilia mahindi aliyoweza kuyaona kutoka mlangoni?

Nairobi yenyewe imekaa pale nyanda hizo za volkano zinapokutana na tambarare za Athi. Magharibi ya jiji ni vilima vya udongo mwekundu, nduguye wa ule wa Kiambu. Mashariki ni udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi, ambao fundi wa nyumba huuchimba wote na kuutupa mpaka aufikie mwamba, ndipo aweke msingi. Reli ilipofika hapo mwaka 1899 na mji ukaanza kukua, Wazungu walijichagulia vilima. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya, W. J. Simpson, alipendekeza rasmi watu watengwe kwa rangi zao, kwa hoja ya kuzuia maradhi. Waafrika wakaelekezwa mashariki, kwenye udongo mweusi. Ramani ya udongo wa Nairobi na ramani ya ubaguzi wake zinakaribia kulingana, na fundi anayejenga leo Kayole au Donholm bado anaulipia uamuzi huo kwa lori za mawe ya kujazia.

Katika upande huo ndipo mitaa ilipoota. Pumwani, ambayo wenyeji wake wanaiita Majengo, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Halmashauri ilipima viwanja na Waafrika wakajijengea nyumba zao za udongo. Pangani ya kale ilibomolewa kuelekea mwisho wa miaka ya 1930 na wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake zikaja Ziwani, Starehe na Kaloleni, na shirika la reli likawajengea wafanyakazi wake Makongeni. Isipokuwa Kaloleni, ambako wapangaji wa mji waliruhusu familia na kuacha nafasi za bustani kwa mtindo wa miji ya Uingereza, sehemu kubwa ya nyumba hizo ilikuwa ya mabechela. Kipimo kilikuwa kitanda. Chumba kimoja kiligawiwa wanaume kadhaa, na mke na watoto walihesabiwa kuwa wako "reserve", wakila kilichotoka shambani. Mshahara nao ulipimwa kwa kipimo hicho cha mtu mmoja. Kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri mwaka 1954 kwamba mshahara wa aina hiyo haumtoshi mtu mwenye familia, ikapendekeza mshahara wa kutunza nyumba nzima. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini mwanamke aliyelima mgongoni Murang'a alikuwa akimlipia mwajiri wa Nairobi sehemu ya mishahara, na hakuna aliyemwandikia risiti.

Mwaka huohuo wa 1954 ndio uliozaa kijiji. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952 dhidi ya uasi wa Mau Mau, na majina ya mitaa ya Eastlands yanaikumbuka hata pale wakazi wanapoisahau: Mbotela ni jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Novemba 1952, na Ofafa ni jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka uliofuata. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi chini ya Jenerali George Erskine liliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, yaani fuawe, chuma ambacho mhunzi huweka juu yake kile anachotaka kukigonga. Mitaa ya mashariki ilipekuliwa nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 waliishia vizuizini, na maelfu wengine, wengi wao wanawake na watoto, walipakiwa na "kurudishwa kwao". Nimeweka maneno hayo kwenye alama kwa sababu wengi wao walikuwa wamezaliwa kwenye mashamba ya walowezi Bonde la Ufa au papo hapo Nairobi. Huko walikopelekwa hawakuwa na boma wala mgongo.

Walichokikuta huko kilikuwa bado kinajengwa. Juni 1954, miezi miwili tu baada ya Anvil, serikali iliamua kuwakusanya wakulima wa nchi ya Wakikuyu katika vijiji, kwa kuiga mpango ambao Waingereza waliutumia Malaya dhidi ya wapiganaji wa kikomunisti. Maboma ya migongoni yalichomwa moto au kubomolewa, na wenyewe wakalazimishwa kujenga vibanda kwa mistari kuzunguka kituo cha homugadi, yaani walinzi Waafrika wa upande wa serikali, wakachimba handaki, wakaweka miti iliyochongwa ncha, waya wa miba na mnara wa mlinzi. Shughuli ilimalizika kwa kasi ya ajabu. Kufikia mwisho wa mwaka 1955, zaidi ya watu milioni moja walikuwa ndani ya vijiji zaidi ya 800. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni, kwa hiyo waliojenga, waliochimba na waliokaa humo walikuwa hasa wanawake, watoto na wazee. Mwenye kukitazama kijiji hicho kwa jicho la mpangaji wa miji hatakosa kukitambua: mistari iliyonyooka, vibanda vya kipimo kimoja, amri ya kutotoka usiku, na kibali cha kupita getini. Ni ule mtaa wa mabechela wa Nairobi, safari hii wakiwekwa wake zao.

Wakati watu wamefungiwa, ardhi ilipimwa upya. Mpango wa afisa wa kilimo Roger Swynnerton, wa mwaka 1954, ulitaka vipande vya shamba vilivyotawanyika viunganishwe kuwa shamba moja lenye hati, na mkulima Mwafrika aruhusiwe kwa mapana zaidi kupanda kahawa na chai. Mpango ulisema waziwazi kwamba wenye uwezo wangepata ardhi zaidi na wengine wangebaki bila kitu, na ukaliona jambo hilo kuwa hatua ya kawaida ya maendeleo. Aliyekuwa kizuizini hakuwepo kuonyesha mpaka wake, homugadi alikuwepo. Hivyo lile shamba la ekari chache lenye ua, kahawa na nyumba ya mabati, ambalo leo ndilo sura ya ushago machoni pa kijana wa Buruburu, lina umri wa hati yake. Kinangop ni changa zaidi. Nyanda hizo chini ya Nyandarua, zinazojaza viazi na kabeji katika soko la Marikiti kabla hakujapambazuka, zilikuwa za walowezi hadi mpango wa ekari milioni moja ulipoanza kugawa mashamba mwaka 1962. Mtoto aliyezaliwa Kaloleni miaka ya 1940 alikuwa kijana mkubwa kabla kijiji cha mkulima wa Kinangop hakijawa na jina.

Wapo watakaosema kwamba nachanganya ardhi na nyumba: kijiji kinaweza kuwa cha 1954, lakini mgongo ni wa mbari tangu zamani, na watu huzikwa kwao. Kuhusu ardhi hoja hiyo ni ya kweli, na sina nia ya kuipinga. Madai ya mbari juu ya migongo yake yalitangulia reli kwa vizazi. Lakini kaburi ni shahidi asiyefaa. Miongoni mwa Wakikuyu wa kabla ya ukoloni waliozikwa walikuwa wachache, hasa wazee wenye heshima na mali, na wengine wakilazwa porini. Kaburi la kila mtu ndani ya shamba lenye hati ni desturi iliyokuja na misheni na kukolezwa na hati zenyewe. Mahakama nazo zilichangia kulikuza kaburi kuwa kipimo cha kwao. Wakili S. M. Otieno alipofariki Nairobi Desemba 1986, mkewe Wambui, binti wa Kikuyu aliyewahi kushiriki harakati za Mau Mau, alitaka kumzika karibu na jiji walikoishi. Ukoo ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulishinda, na akazikwa huko Mei 1987. Tangu hapo wengi wameichukua hukumu ile kana kwamba iliandikwa na mababu, ilhali iliandikwa na majaji wa Rufani, Nairobi.

Kesi hiyo inaleta pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi. Eastlands si ya Wakikuyu peke yao. Kaloleni na Makongeni zilijaa Wajaluo na Waluhya. Wakamba wako kila mtaa. Na Siaya si nyanda za volkano, wala haikuzungushiwa waya mwaka 1954. Nakubali kwamba kisa cha kijiji cha lazima ni cha eneo moja, na mtu wa Ugenya, huko Siaya, ana haki ya kusema boma lake lina historia nyingine. Hata hivyo kanuni ya kitanda haikuuliza kabila. Mjaluo wa Ziwani alihesabiwa bechela kama Mkikuyu wa Bahati, na baada ya Anvil ni yeye, pamoja na Mluhya na Mkamba, aliyeingizwa katika kazi na vyumba vilivyoachwa wazi. Alipewa chumba cha mtu aliyefukuzwa, na akapewa pamoja nacho fundisho lilelile: hapa unapita.

Na vijiji vyenyewe je, si vilivunjwa? Wengi waliokuwa na ardhi waliondoka humo Hali ya Hatari ilipokaribia kwisha, wakajenga kwenye mashamba yao mapya. Waliobaki ni wasiokuwa na pa kwenda. Baadhi ya vijiji hivyo viligeuka masoko yenye kinu cha posho, kanisa na steji ya matatu. Vingine bado vinaitwa vijiji vya ukoloni, hasa Nyeri na Murang'a, na hati za viwanja vyake zimekuwa ahadi ya kampeni baada ya kampeni. Kwa hiyo kuvunjwa kwake kunaithibitisha hoja badala ya kuipangua. Kijiji kilimtenga mwenye shamba na asiye nalo, na asiye nalo akapanda basi kurudi Nairobi, safari hii Mathare au Kariobangi, ambako hakuna aliyemjengea hata kitanda.

Haya yote yangekuwa ya kusomwa na kufungiwa kabatini kama fundisho la bechela lingekufa pamoja na walioliunda. Halijafa. Mitaa mikongwe ya kaunti sasa imewekwa kwenye mipango ya kubomolewa ili yajengwe maghorofa, na kila mara wapangaji wanapouliza wataenda wapi, yupo wa kuwajibu kwamba kila mtu ana kwao. Familia iliyolipa kodi kwa kanjo kwa vizazi vitatu inahesabiwa kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Jibu hilo ni la miaka ya 1920, na linafaa kukataliwa kwa sababu hiyo tu, hata kabla ya kufika kwenye sheria. Wanaoketi kwenye vikao vya kupanga upya Eastlands wanapaswa kuanza na rejista za wapangaji, waangalie jina la kwanza liliandikwa lini katika kila nyumba, kisha walinganishe tarehe hiyo na ile iliyo kwenye hati ya shamba wanaloliita kwao.

Watu wa Majengo hawajawahi kuhitaji hesabu hiyo. Wengi wa wazee Waislamu wa Pumwani hawasafirishwi popote wanapofariki. Makaburi yao yako Kariokor, na jeneza hubebwa mabegani hadi huko.