Bibi Mcherokee katika Masimulizi ya Familia: Thamani ya Maombi Yaliyokataliwa

Familia nyingi za Marekani, ziwe za weupe au za weusi, husimulia kwamba mmoja wa bibi zao wa kale alikuwa Mcherokee. Watafiti wa nasaba wamezoea kulipima simulizi hilo kwa swali moja: je, jina lake limo katika orodha za serikali? Makala haya yanadai kuwa swali hilo ni finyu, kwa kuwa orodha zenyewe zina historia.

Chukua uandikishaji uliosimamiwa na Guion Miller. Mwaka 1906, baada ya mahakama kuwapa ushindi Wacherokee wa Mashariki katika madai yao ya mikataba, Bunge la Marekani lilitenga zaidi ya dola milioni 1 kuwalipa wao na wazawa wao. Yalipokelewa maombi 45,847, yakiwakilisha watu wapatao 90,000. Waliokubaliwa ni 30,254. Mwombaji alitakiwa kutaja wazazi wake na wazazi wa wazazi wake, kisha maelezo yake yakalinganishwa na orodha za awali, ikiwemo ile ya Drennen ya mwaka 1852.

Ombi lililokataliwa halithibitishi damu ya Kicherokee. Linathibitisha kwamba kufikia 1907 simulizi lilikwishakuwapo katika familia hiyo, na linaonyesha nani alilisimulia. Suala la fedha lisipuuzwe: anayetarajia malipo si shahidi asiye na upande. Hata hivyo, humtajia mtafiti ndugu na makazi anayoweza kuyafuatilia katika sensa na hati za ardhi, kizazi kwa kizazi.

Kwa wazawa wa watumwa ugumu ni wa namna nyingine. Wacherokee nao walimiliki watumwa wenye asili ya Afrika, na mkataba wa 1866 uliwapa walioachwa huru haki sawa na za raia wa taifa hilo. Tume ya Dawes, ilipoandikisha watu kuanzia 1898, iliwaweka katika orodha ya peke yao, isiyotaja kiwango cha damu. Mtoto wa mama aliyekuwa mtumwa na baba Mcherokee aliweza kuandikwa humo, na nasaba ya baba isionekane. Hapo ukimya wa hati ni zao la utaratibu wa uandikishaji, wala si ushahidi dhidi ya familia. Mgawanyo huo wa orodha uliendelea kubishaniwa mahakamani hadi 2017, mahakama ya shirikisho ilipothibitisha haki ya wazawa hao kuwa raia wa Taifa la Cherokee.