Kabla ya Kaunsela, Pemba Kulikuwa na Somo

Siku hizi mtu akisema anaenda kwa mshauri wa ndoa anaonekana wa kisasa. Kumbe Pemba kazi hiyo ni ya zamani mno. Mwari alikabidhiwa somo, mwanamke mtu mzima asiye mama yake, maana kuna mambo mama na binti hawaambiani. Alifundwa usafi, unyumba na kukaa na mume. Na harusi ikipita kazi haikuisha: ndoa ikitikisika, mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wa somo.

Mitihani ilikuwepo. Wavuvi walikwenda dago miezi, mke huku anangoja matunzo. Somo alimwambia nini? Mara nyingi, vumilia. Siri ya nyumba ikatunzwa, na maumivu yakatunzwa humo humo. Hapo ndipo sifa za zamani zinapochacha.

Aliyechoka alikwenda kwa kadhi, ambaye Zanzibar ilimtungia sheria ya mahkama yake mwaka 1985. Huko nako suluhu hutafutwa kwanza, wazee wakiitwa. Lakini mbele ya kadhi mke anadai, hafundwi.

Na mume? Yeye alipata nasaha siku ya nikaha, dakika chache tu. Akirudi dago, hakuna somo aliyemwita kumuuliza alipeleka ngapi nyumbani.