Neno Moja, Maana Mbili: Historia ya Kutoa na Kupokea Katika Kivu Yetu



Anayepita Muhumba, katika komini ya Ibanda, husoma vibao vingi kando ya njia kabla hajalifikia ziwa. Kwa miaka mingi mtaa huu wa rasini umekuwa makao ya ofisi za misaada: za Umoja wa Mataifa, za wageni kutoka mbali, na za wenyeji wenyewe. Kila ofisi huitwa shirika. Lakini katika mji huuhuu, mara moja kwa juma, wakristo wa nyumba jirani hukusanyika kwa mmoja wao. Husoma Injili, huulizana nani mgonjwa na nani amefiwa, kisha hutoa kidogo walicho nacho. Mkutano huo nao twauita shirika.

Neno ni moja, na shina lake ni lile la kushiriki. Hata hivyo, kijana akisikia leo kwamba "shirika limefika", huwaza gari jeupe na orodha ya majina. Si kawaida yake kuwaza majirani wake. Tafakari hii yataka kufuata historia ya neno hilo katika Kanisa na katika Kivu yetu, ili tuone nani amewalea watoto wetu na familia zetu nyakati za shida, na kwa njia gani.

Lawama ya kwanza

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya sita, hakifichi kwamba ugawaji wa misaada ulileta manung'uniko tangu mwanzo. Wajane wa waumini waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuacha kugawa. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi hiyo kwa sala na kwa kuwekewa mikono. Tangu siku hiyo Kanisa limejua kwamba moro wa huruma hautoshi: pahitajika utaratibu, na pahitajika watu waaminifu. Mtume Paulo naye, alipokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alitaka wajumbe wengine waandamane naye, asije akashukiwa kwa ajili ya fedha hizo.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1833, mwanafunzi wa Paris mwenye umri wa miaka 20, Frédéric Ozanam, aliulizwa na vijana wenzake wasioamini: Kanisa lenu lilitenda mema zamani, leo linatenda nini? Hakujibu kwa hotuba. Pamoja na wenzake wachache alianza kuwatembelea maskini majumbani mwao, wakiongozwa na Sista Rosalie Rendu, aliyezijua familia za mtaa ule mmoja mmoja. Hivyo ndivyo Chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo kilivyozaliwa. Caritas nayo ilianza Ujerumani mwaka 1897, na muungano wake wa kimataifa ukaundwa mwaka 1951. Miti hiyo mikubwa ilitokana na mbegu ndogo: kijana aliyebisha hodi katika mlango wa maskini.

Mtoto aliyekombolewa

Katika nchi za Maziwa Makuu, habari ya misaada kutoka mbali huanza na uchungu wa utumwa. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akiwasihi wakristo wapinge biashara ya watumwa barani Afrika. Michango yao ilisaidia kukomboa na kulea watoto katika misioni za Tanganyika.

Mmoja wa watoto waliokombolewa na wamisionari hao ni Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi tunayoiita leo Mali. Alitekwa akiwa mdogo, akauzwa, kisha akakombolewa na Mapadri Weupe. Walimsomesha, na huko Malta akajifunza uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, akawa katekista na mganga wa watu wa pale hadi kufa kwake mwaka 1956. Ukihesabu, ni zaidi ya miaka 60 ya kutibu wagonjwa.

Tutafakari jambo hili. Sadaka ya mtu wa Ulaya ingeweza kuishia katika kumnunua mtoto na kumpa chakula. Haikuishia hapo. Mtoto alipewa elimu, na elimu ikampa madaraka, na madaraka yakamgeuza mpokeaji kuwa mtoaji. Hatusemi kwamba kila kazi ya zama zile ilikuwa safi. Misioni ziliishi chini ya kivuli cha ukoloni, na mara nyingi mwenyeji alifanywa mtoto hata alipokuwa mzee. Ndiyo sababu maisha ya Atiman yana uzito: kipimo cha msaada kilikuwa ni yale aliyeupokea aliyoweza kuyatenda baadaye.

Majengo mengi tunayotibiwa na kusomea yana historia ya namna hiyo. Hospitali ya Katana, kwa mfano, bado watu huiita FOMULAC, kwa kifupi cha jina la mfuko wa tiba ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Louvain mwaka 1926. Wafadhili wa kwanza wameondoka zamani; wagonjwa bado wanapokelewa.

Wazazi waliobeba shule

Mwaka 1961, nchi ikiwa changa katika uhuru wake, maaskofu wa Kongo waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, wala si juu ya misioni kubwa pekee. Huko ndiko mashirika yetu ya mtaani yanakotokea. Wakati huo labda wengi hawakuona jinsi uamuzi huo ungehitajika siku za mbele.

Siku hizo zilifika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Zaire ilidhoofika, mishahara ya walimu ikakosekana, na shule zikasimama kwa migomo. Wazazi wakakubali kulipa mchango wa kuwatunza walimu, ule tuliouita "prime". Mama aliyeuza ndizi au samaki wa ziwani ndiye aliyeiweka hai shule ya Kongo kwa zaidi ya miaka 25. Hakuna kibao barabarani chenye jina lake, ila yeye alikuwa mfadhili mkubwa kuliko wengi wenye vibao.

Hata hivyo ukweli wote usemwe. Mchango uleule uliookoa shule uliwafukuza darasani watoto wa wasio na kitu. Ilipotangazwa kwamba masomo ya msingi yatakuwa ya bure tangu Septemba 2019, familia nyingi zilishangilia, ingawa madarasa yalijaa kupita kiasi na walimu wengi waliendelea kungojea mishahara. Twajifunza kwamba upendo wa wazazi waweza kuziba pengo la serikali kwa muda, lakini hauwezi kuiondolea serikali wajibu wake.

Mwaka ambao misaada ilijaribiwa

Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, umati wa wakimbizi ulivuka Ruzizi na kuingia Bukavu. Viwanja vya shule na vya parokia vilijaa watu. Wenyeji waliwapokea kwa maji na chakula kabla ya misaada ya dunia kufika. Baadaye kambi kubwa zikawekwa nje ya mji, kama zile za Kashusha na Inera upande wa Kavumu, na magari ya misaada yakaanza kupita usiku na mchana.

Hapo likaja swali gumu. Ndani ya kambi, pamoja na mama na watoto wasio na hatia, walikuwamo wakuu na wanamgambo waliotenda mauaji, nao walishika ugawaji wa chakula na kujipatia nguvu. Je, kutoa ni kuwalisha wauaji? Na kutotoa si kuwaua watoto? Mwezi wa Novemba 1994 tawi la Kifaransa la Médecins Sans Frontières liliamua kuondoka kambini, likisema haliwezi kushiriki katika udanganyifu huo. Mashirika mengine yalibaki, yakisema mtoto mwenye njaa hana kosa. Pande zote mbili zilikuwa na dhamiri, na hadi leo wenye hekima hawajalimaliza shauri hilo.

Katikati ya giza hilo alisimama mchungaji wetu, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, mwana wa Bushi. Alikataa kuwaweka wakimbizi wote katika fungu moja la wauaji, na alikataa pia kunyamazia dhuluma za askari wa nchi yake dhidi ya raia. Aliiandikia dunia barua nyingi. Msaada alioudai ulikuwa zaidi ya unga na maturubai: alidai haki, ukweli, na njia ya watu kurudi kwao kwa amani. Vita vilipoufikia mji, alibaki na watu wake. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa Nyawera, mahali ambapo wengi wenu mnapita kila siku. Alikuwa na mali kidogo ya kugawa, hivyo akatoa kile alichokuwa nacho, yaani kubaki.

Mrithi wake, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, alikuwa ameliongoza jimbo la Butembo-Beni kwa miaka 30, akiwahimiza watu kutengeneza barabara na kujenga shule na hospitali kwa nguvu zao wenyewe. Katika ujumbe wake wa Noeli ya mwaka 1999 alilaumu waziwazi uporaji wa nchi na wale waliowanyonya maskini. Februari 2000 alizuiwa kurudi Bukavu, akapelekwa uhamishoni Butembo. Alirudi Septemba, akapokelewa kwa shangwe, na mwanzoni mwa Oktoba akafariki Roma. Wachungaji hao wawili walitufundisha jambo moja: anayempenda maskini hawezi kumpa mkate na kunyamaza juu ya anayemnyang'anya mkate.

Masanduku madogo

Tusidhani kwamba huruma yahitaji daima watu wakubwa. Mjini kwetu kituo cha Ek'Abana, jina la Kimashi lenye maana ya nyumbani kwa watoto, kimewapokea wasichana waliofukuzwa na jamaa zao kwa shutuma za uchawi. Kazi yake haiishii kwenye kitanda na sahani. Kazi ngumu zaidi ni kuirudia familia, kusikiliza hofu yake, na kumpatanisha mtoto na nyumba iliyomkana, kwa maana makao mema kuliko yote hayawezi kuchukua nafasi ya mama na baba.

Tena, tazameni mutualité za mshikamano, zile MUSO zilizoenea Kivu ya Kusini. Wanachama hukutana kwa siku iliyopangwa na kuweka fedha katika masanduku. La kijani ni la akiba na mikopo: mtu hukopa mtaji, akarudisha na faida kidogo. Jekundu ni la dharura, yaani ugonjwa, msiba, uzazi: kilichomo hutolewa kwa mwenye shida, wala hadaiwi. Hesabu husomwa mbele ya wote. Mjane huona fedha zake zinakwenda wapi, na siku ya shida yake hainyoshi mkono kama mwombaji, hupokea kama mwanachama. Huo ni ule uaminifu wa watu saba wa Yerusalemu, ukifanywa kwa daftari na kufuli.

Mwaka 2025 ulitukumbusha thamani ya masanduku hayo. Mwezi wa Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ikafungwa. Mwezi wa Februari vita viliufikia mji wetu, na benki zikafunga milango. Waliokuwa wakingojea kibao na gari walibaki wakingojea. Hatuwezi kusema kwamba jirani aliweza yote. Sanduku jekundu halijengi hospitali, wala halinunui dawa za wagonjwa elfu. Misaada ya mbali tunaihitaji, na tuidai kwa heshima. Lakini yule aliyebisha hodi kwanza, aliyejua ni nyumba gani haijawasha moto tangu jana, alikuwa mtu wa shirika kwa maana yake ya kale.

Vijana wapendwa, baadhi yenu mtaajiriwa katika ofisi zenye vibao. Ni kazi njema. Ingieni humo na moyo wa shirika la mtaani: mjue majina ya watu, si hesabu yao tu, msomee wote hesabu, msiuze nafasi katika orodha, wala msione haya kusema ukweli. Na ambao hawataajiriwa huko wasiseme hawana cha kutoa. Ozanam alikuwa mwanafunzi asiye na mali.

Maswali ya kutafakari katika kundi

1. Katika shirika lenu la mtaani, ni mtoto gani au mzee gani ambaye hakuna aliyemtembelea mwezi huu? Nani atakwenda, na siku gani?

2. Je, fedha za kundi letu la vijana husomwa mbele ya wote? Kama sivyo, twaanza lini?

3. Mngekuwa kambini mwaka 1994, mngebaki kugawa au mngeondoka? Toeni sababu zenu mbele ya Injili.

4. Ni dhuluma gani mtaani kwetu ambayo tunaifunika kwa sadaka badala ya kuitaja?