Mamlaka ya Kutaja: Majina ya Mitaa ya Buruburu na Majirani Zake

Aipaye ardhi jina huwa amekwisha kudai mamlaka juu yake. Makala haya yanalitazama dai hilo katika mitaa ya mashariki ya Nairobi.

Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyepinga Mau Mau, aliuawa Novemba 1952. Diwani Ambrose Ofafa akauawa 1953. Katika utawala wa kikoloni mitaa ya Waafrika ikapewa majina yao: Mbotela, Ofafa Jericho, Ofafa Maringo. Hivyo marehemu walifanywa kuwa wasemaji wa watawala.

Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970, haikupewa jina la marehemu yeyote. Sehemu zake tano zilitajwa kwa nambari tu. Hapa mamlaka yalikaa katika mkopo. Fedha zilitoka kwa Serikali ya Kenya na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, la Uingereza, ambalo hadi 1963 liliitwa Shirika la Maendeleo la Makoloni. Jina lilibadilika, mkopeshaji ni yule yule.

Walakini wakazi nao wana lao. Husema Jericho na Maringo, Ofafa wakaliacha. Buruburu wameifanya Buru. Hapana sheria iliyowaamuru. Serikali huandika jina kibaoni, bali jamii ndiyo iamuayo litakalobaki kinywani. Mwanaisimu asomaye ramani asiwasikilize watu, amesoma nusu tu ya historia ya madaraka.