Gainsborough Old Hall

Gainsborough Old Hall ni jumba la kale katika mji wa Gainsborough, kando ya mto Trent, mkoani Lincolnshire, Uingereza. Lilijengwa katika karne ya 15 kama makao ya kabaila, yaani bwana mwenye ardhi ambaye wakulima wa eneo lake walimlipa kodi na kumtumikia. Limebaki katika umbo lake la awali kuliko majumba mengi ya wakati wake, na sababu yake kubwa ni kwamba wenyewe walilihama.

Ujenzi

Mjenzi wake alikuwa Thomas Burgh, mfuasi wa ukoo wa York katika Vita vya Mawaridi, ambamo koo mbili ziligombea ufalme. Kazi ilianza mnamo 1460. Mwaka 1470 nyumba ya Burgh ilishambuliwa na mahasimu wake wa jimboni, familia ya Welles, na tukio hilo lilichangia kuzuka kwa uasi uliomlazimu mfalme Edward IV kuja mwenyewe na jeshi.

Jumba lina pande tatu zinazozunguka ua. Sehemu kubwa ni ya mihimili ya mwaloni, na kwenye pembe moja kuna mnara wa matofali, ambayo wakati huo yalikuwa fahari ya matajiri. Katikati upo ukumbi mkuu usio na dari: moto uliwashwa sakafuni na moshi ukatokea kwenye tundu la paa. Humo bwana alikula pamoja na watumishi wake, yeye akiwa mezani pa juu, wao chini yake kwa kufuata vyeo. Jiko lina meko makubwa kiasi cha kuchoma ng'ombe mzima, nalo ni miongoni mwa majiko ya enzi hiyo yaliyohifadhiwa vizuri zaidi nchini humo.

Mfalme Richard III alilala hapa mwaka 1483. Henry VIII alifika mwaka 1541 pamoja na mke wake wa tano, Catherine Howard, aliyekatwa kichwa miezi michache baadaye. Mke wake wa sita, Catherine Parr, alikuwa amekwisha kulijua jumba hili, kwani mume wake wa kwanza alikuwa Edward Burgh, naye aliishi hapa na wakwe zake.

Kutoka kwa kabaila hadi kwa mfanyabiashara

Mwaka 1596 akina Burgh waliliuza jumba kwa William Hickman, mfanyabiashara wa London. Mama yake, Rose, aliwahi kukimbilia Antwerp kwa ajili ya imani yake ya Kiprotestanti, akaandika kumbukumbu zake uzeeni. Pengine ndiyo sababu familia hiyo iliwavumilia Wakristo waliojitenga na kanisa la serikali wakiongozwa na John Smyth. Kwa masimulizi ya mji, walisali ndani ya jumba. Baadaye walihamia Uholanzi, ambako Smyth alianzisha kanisa la kwanza la Wabatisti.

Mnamo 1720 akina Hickman walihamia Thonock, nje kidogo ya mji. Kama wangebaki, bila shaka wangevunja na kujenga upya kwa mtindo mpya, kama walivyofanya matajiri wengi wa karne hiyo. Badala yake jumba lilipangishwa kwa yeyote mwenye haja: kiwanda cha kitani, vyumba vya maskini, ukumbi wa michezo ya kuigiza, kilabu cha pombe, kanisa, ukumbi wa dansi na mahali pa mikutano ya Wamasoni. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alihubiri humo zaidi ya mara moja kuanzia 1759. Wapangaji walitia viraka tu. Hawakuwa na fedha za kuharibu.

Kuhifadhiwa

Hata hivyo viraka havikutosha, na kufikia katikati ya karne ya 20 jengo lilikuwa limechakaa vibaya. Mwaka 1949 wakazi wa mji waliunda chama cha kuliokoa, wakasafisha na kutengeneza kwa kujitolea, kisha wakalifungulia umma. Mwaka 1970 mwenye mali, Edmund Bacon, mrithi wa akina Hickman, alilitoa kwa taifa. Sasa ni jumba la makumbusho chini ya shirika la English Heritage, na wageni huingia hadi jikoni.