Ripoti ya kabatini haina meno

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo yaihusu ikulu kama iihusuvyo nyumba ya makuti.

Machi 2014, Mlinzi wa Umma wa Afrika Kusini, Bibi Thuli Madonsela, alitangaza hadharani matokeo ya uchunguzi wake kuhusu makazi ya Rais Jacob Zuma kijijini Nkandla. Alisema fedha za usalama zilijenga pia zizi la ng'ombe, banda la kuku na bwawa la kuogelea, na kwamba Rais arejeshe sehemu ya gharama. Mwaka 2015 waziri wa polisi akadai bwawa ni la kuzimia moto! Wananchi walikwisha kuisoma ripoti. Walicheka, kisha wakakasirika. Machi 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa agizo la Mlinzi lazima litiiwe. Rais akalipa randi milioni 7.8.

Oktoba mwaka huo huo, ripoti nyingine, juu ya familia tajiri ya Gupta na serikali, ilipokaribia kutoka, Rais alikwenda mahakamani kuizuia, akidai hakupewa nafasi ya kutosha kujieleza. Baadaye aliondoa ombi lake, nayo ikatolewa Novemba 2. Februari 2018 alijiuzulu, baada ya chama chake kumtaka aondoke.

Karatasi ina nini hata igombewe mahakamani? Ikifungiwa kabatini haina meno; ikisomwa na mlipa kodi, mkubwa hana budi kujibu. Ndugu msikilizaji, uchunguzi usiotangazwa ni sawa na daktari anayempima mgonjwa, kisha akaondoka na majibu mfukoni.