Dhamana ya Mwenye Jukwaa katika Minada ya Mtandaoni

Mtu anapotapeliwa katika mnada wa mtandaoni, sheria huanza kwa kuuliza nani aliyesema uongo. Jibu ni jepesi: muuzaji. Lakini mara nyingi muuzaji huyo hapatikani. Jina lilikuwa la kubuni, akaunti imefungwa, fedha zimeshahamishwa. Makala hii inatetea swali jingine la kuanzia: ni nani aliyeweza kuuona ulaghai kabla haujakamilika? Likiulizwa hivyo, dhamana ya kwanza inamwangukia mwenye jukwaa.

Chukua kesi ya mwaka 2000 iliyotikisa eBay. Wakili mmoja wa California alinadi mchoro kwa bei ya kuanzia ya senti 25, akijifanya mtu wa kawaida asiyejua sanaa; hata tundu lililokuwa kwenye turubai alilieleza kuwa limetobolewa na mtoto akichezea baiskeli. Katika picha zilionekana herufi “RD 52”. Wapenzi wa sanaa wakadhani wamegundua kazi ya mchoraji Richard Diebenkorn, na dau likafika dola 135,805. Kampuni iliufuta mnada huo, tena si kwa sababu ya kughushi, bali kwa kuwa muuzaji alikuwa ametoa dau kwenye mali yake mwenyewe kupitia akaunti nyingine. Baadaye ilidhihirika kwamba yeye na wenzake walikuwa wakipandishiana bei katika mamia ya minada.

Mnunuzi aliona nini hapo? Picha, maelezo, jina la akaunti na idadi ya sifa zilizoachwa na wateja waliotangulia. Akaunti zipi hujitokeza kila mara kwenye bidhaa za muuzaji yuleyule, zikapandisha dau kisha zikajiondoa, ni jambo lililokuwa wazi kwa kampuni peke yake, kwa sababu kumbukumbu zote zilikuwa mikononi mwake.

Watetezi wa majukwaa hujibu kwamba mnunuzi ana tathmini za wateja wenzake, utaratibu ambao eBay iliuanzisha 1996. Hoja hiyo ni dhaifu. Sifa za mshirika wa tapeli huhesabiwa sawa na za mteja wa kweli. Isitoshe, kwa miaka mingi mnunuzi aliyelalamika hadharani aliweza kulipiziwa kisasi kwa tathmini mbaya kutoka kwa muuzaji, hadi kampuni ilipoondoa uwezo huo mwaka 2008. Soko ambalo watu wanaogopa kusema walichokiona haliwezi kumtaka mgeni ajilinde kwa maneno ya wenzake.

Hata hivyo mahakama za Marekani zimeegemea upande wa majukwaa. Katika Gentry dhidi ya eBay (2002), wanunuzi wa kumbukumbu za michezo zenye saini za kughushi walishindwa, kwani kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya 1996 kinakataza jukwaa kuwajibishwa kwa maneno ya mtu mwingine. Kesi ya Tiffany dhidi ya eBay ndiyo yenye uzito zaidi. Kampuni hiyo ya vito ilinunua bidhaa kwa majaribio, na takriban robo tatu zikawa bandia. Mahakama ilitilia shaka mbinu ya uchunguzi huo, lakini ikakubali kwamba sehemu kubwa ya vito hivyo ilikuwa ya kughushi. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilisisitiza kwamba ujuzi wa jumla hautoshi: lazima jukwaa lijue tangazo mahususi. Kwa mmiliki wa nembo mwenye wafanyakazi wa kukagua matangazo kutwa, kanuni hiyo inaweza kuvumilika. Kwa mtu aliyenunua pete moja ni mlango uliofungwa, maana tangazo analijua baada ya kutapeliwa.

Ulaya imesogea zaidi. Katika kesi ya L'Oréal dhidi ya eBay (2011), Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba jukwaa linalosaidia kuboresha au kutangaza matangazo ya wauzaji haliwezi kujificha nyuma ya kinga ya mhifadhi wa taarifa. Kanuni ya huduma za kidijitali ya 2022 ikaongeza wajibu wa kuwatambua wafanyabiashara kabla ya kuwaruhusu kuuza. Ni hatua njema, ila anwani ya tapeli aliye nchi nyingine hairudishi fedha.

Mwanazuoni wa sheria Guido Calabresi alishauri mwaka 1970 kwamba hasara ibebwe na anayeweza kuizuia kwa gharama ndogo zaidi. Kwa msingi huo, jukwaa limlipe mnunuzi kwanza, kisha limfuate muuzaji. Tayari majukwaa makubwa hurejesha fedha kwa masharti yao, yakiwa yenyewe ndiyo mwamuzi. Kinachodaiwa ni kwamba iwe haki yenye rufaa nje ya kampuni. Gharama itaingia katika kamisheni, kweli, lakini ikigawanywa kwa mamilioni haitamwangusha yeyote. Mnunuzi atakayekubali kulipa nje ya jukwaa baada ya kuonywa abebe hasara yake.

Afrika Mashariki bado kuna nafasi ya kuamua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania (2015) haimlazimishi mtoa huduma kufuatilia taarifa anazozihifadhi. Kinga hiyo inamfaa anayehifadhi maneno ya watu. Kampuni inayopanga bidhaa zipi zionekane kwanza, inayopitisha malipo na kukata kamisheni kwa kila mauzo haipaswi kuruhusiwa kuidai.